Pikipiki Iliyoinama Itakufisha Ganzi

Wewe msomaji unayefufua pikipiki kuukuu, mathalan BSA au Triumph ya miaka ya 1960, huenda fundi amekushawishi ateremshe shokamzoba za mbele ili ipendeze. Fikiri kwanza.

Mbele ikishuka, kiwiliwili huinama na uzito wako huegemea viganja. Mshipa wa fahamu unaoelekea kidole cha mwisho hubanwa, na mtikiso wa injini hizo kuukuu huzidisha madhara: kidole hicho na cha pete hufa ganzi. (Wengi husingizia baridi ya Limuru!) Shingo nayo hukaza kwa kuinuliwa ili uone barabara.

La kutisha zaidi, usukani huwa mwepesi mno. Penye matuta, springi fupi hufika mwisho upesi na kishindo chote huishia mikononi.

Kwa maoni yangu, sentimita moja au mbili zatosha, na hata hivyo nyuma ishushwe pia, usukani uinuliwe kidogo. Ganzi isipokwisha baada ya safari, au mkono ukishindwa kukaza klachi, mwone daktari wiki hiyohiyo.