"Ndiyo" ya Mgonjwa

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Mara nyingi mzigo wa methali hii hutwishwa mgonjwa peke yake: yeye ndiye aliyeficha, yeye ndiye wa kulaumiwa. Hata hivyo, mazungumzo ni ya watu wawili. Nadharia ya michezo na falsafa ya lugha, taaluma zinazoonekana kuwa mbali na kitanda cha mgonjwa, zinaonyesha kwamba sehemu ya mzigo huo ni ya yule anayeuliza.

Nadharia ya michezo huchunguza jinsi watu wanavyoamua pale ambapo matokeo kwa mmoja hutegemea uamuzi wa mwingine. Mwaka 1969 mwanafalsafa wa Marekani, David Lewis, aliitumia kueleza lugha yenyewe. Kwa maoni yake, ishara haizaliwi na maana. Huipata kwa sababu anayeitoa na anayeipokea wameizoea kwa namna moja, na kila mmoja hutarajia mwenzake aifuate. Bahasha ya dawa iliyoandikwa "1 × 3" ni mfano ulio karibu. Kwa mfamasia, huenda maana yake ni kidonge kimoja kila baada ya saa nane. Kwa mgonjwa anayehesabu siku kuanzia mapambazuko hadi machweo, ni vidonge vitatu kabla giza halijaingia. Vivyo hivyo, kadi iliyoandikwa "8:00" humleta mmoja saa mbili asubuhi, na mwingine saa nane mchana. Hapo hakuna aliyedanganya. Kilichokosekana ni mapatano.

Lipo tatizo zito zaidi. Mwaka 1982 wanauchumi Vincent Crawford na Joel Sobel walionyesha kwamba kadiri maslahi ya msemaji na msikilizaji yanavyoachana, ndivyo maneno yanavyobeba habari chache. Muuguzi anapouliza, "Mama, dawa umemeza zote, sivyo?", mgonjwa anajua kwamba "hapana" italeta karipio mbele ya watu, na kwamba "ndiyo" haimgharimu kitu kwa wakati ule. Basi aliyemeza husema ndiyo, na asiyemeza husema ndiyo. Jibu linalotoka katika vinywa vyote halimwambii tabibu lolote.

Gharama huja baadaye. Daktari anayeona shinikizo la damu bado liko juu, huku akiamini kwamba dawa zinamezwa, huongeza dozi. Siku mgonjwa atakapoanza kumeza zote kama alivyoagizwa, shinikizo huweza kushuka kupita kiasi, akapata kizunguzungu na kuanguka.

Mwanafalsafa wa Uingereza, Paul Grice, alieleza katika makala yake ya mwaka 1975 kwamba watu huelewa zaidi ya yale yanayotamkwa, kwa kuwa hudhani msemaji ana sababu ya kusema alivyosema. Neno dogo "sivyo" humwambia mgonjwa kwamba jibu limekwisha kuchaguliwa. Swali likiulizwa kwa namna nyingine, mambo hubadilika: "Mama, watu wengi hupitiwa na dozi moja moja. Wiki hii zimekupita ngapi?" Hapa ukweli umeshushiwa bei, na idadi yoyote atakayoitaja ina habari ndani yake. Kuhusu bahasha, inatosha kumwomba aeleze mwenyewe: "Ukifika nyumbani utazimezaje, na saa ngapi?" Mapatano yasiyokuwapo yataonekana papo hapo.

Huenda ikasemwa kwamba foleni ni ndefu na muda hautoshi. Lakini swali zuri halichukui muda mrefu kuliko swali baya, na matibabu yaliyojengwa juu ya jibu la uongo humrudisha mgonjwa kwenye foleni ileile akiwa katika hali mbaya zaidi.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Akija na vidonge vilivyobaki, akasema wazi kwamba dawa zilimletea kichefuchefu au kwamba nauli ya kuja kuzichukua ilikosekana, atakuwa amempa tabibu anachokihitaji ili kurekebisha tiba. Methali ya wahenga bado ni ya kweli. Ila kabla ya kumsomea mgonjwa, mtoa huduma na ajiulize kwanza: mgonjwa wa mwisho aliyemwambia "hapana" alijibiwa nini?