Nyumba njema si mlango

Mpenzi msomaji, ukitajiwa Salgaa, yaelekea mambo mawili yatakujia akilini: malori na ajali. Si ajabu. Mnamo Januari 31, 2009, lori la mafuta lililopinduka na kulipuka huko Sachangwan, mwendo mfupi kutoka hapo, liliua zaidi ya watu 100. Mnamo Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana mahali paitwapo Migaa na watu 36 wakafa. Msafiri wa kwenda Eldoret huipita Salgaa akimwomba Mungu, na ni wachache wanaogeuza shingo kutazama vijumba vilivyo nyuma ya mashamba ya mahindi.

Leo nataka tuingie katika kimoja cha vijumba hivyo.

Ni cha kijana mmoja fundi wa kuziba pancha, mkewe na watoto wao wawili. Wameniruhusu niwasimulie, lakini majina yao nayahifadhi. Tulijuana katika kliniki yangu mjini Nakuru. Mtoto wao mdogo, wa miaka 3, alikuwa akibanwa na kifua. Katika msimu mmoja wa baridi waliniletea mara nne. Nilimpa dawa, akapata nafuu, kisha akarudi vile vile.

Mara ya nne nikawauliza wanaishi katika nyumba ya namna gani. Mama akajibu kuwa ni ya udongo, vyumba viwili, na jiko la kuni limo humo humo. Nami, bila hata kuinua macho kutoka kwenye karatasi, nikatamka: "Jengeni nyumba ya mawe. Humo mtoto hatapona."

Hawakurudi tena.

Miezi mingi baadaye nilikuwa safarini na gurudumu la gari langu likapasuka karibu na Salgaa. Fundi aliyekuja kunisaidia alikuwa yule yule baba. Alipomaliza kazi alikataa malipo, akasema, "Daktari, hapa ni nyumbani. Hebu fika unywe chai, mama watoto atafurahi." Tukaiacha barabara, tukafuata kijia katikati ya mahindi.

Nilitarajia kuona kuta za mawe. Nikakuta nyumba ile ile: kuta za udongo, paa la mabati, vyumba viwili. Mtoto alikuwa akikimbizana na kuku uani. Nikamwita, nikaweka sikio mgongoni pake. Kifua kilikuwa safi.

Hapo ndipo nikasimuliwa matokeo ya ushauri wangu. Baba alikuwa ameyashika maneno yangu. Kaka yake akamhimiza achukue mkopo, naye ili apate pesa za kuanzia akawa anafanya kazi usiku kucha kando ya barabara. Alilala saa tatu kwa siku. Kichwa kilimuuma, na watoto walimwona Jumapili tu. Usiku mmoja lori lililokatika breki likampita hatua chache kutoka alipokuwa amechuchumaa. Asubuhi alifika nyumbani akitetemeka, asiweze kushika kikombe.

"Siku hiyo nikamwambia basi," mama alinieleza huku akinimiminia chai. "Daktari, wewe ulisema nyumba inamuumiza mtoto. Nikajiuliza, ni nyumba au ni moshi?"

Msomaji, swali hilo ndilo nililopaswa kuliuliza mimi niliyesomea udaktari.

Walichofanya ni hiki. Walihamishia jiko nje, kwenye kibanda kilichoachwa wazi pande mbili. Wakatoboa dirisha la pili mkabala na lile la kwanza ili hewa ipite. Taa ya mafuta wakaibadilisha kwa taa ndogo ya sola. Chini ya ukingo wa paa wakafunga mfereji wa bati unaopeleka maji ya mvua katika tangi. Kazi yote ilichukua majuma machache, bila deni. Baba akaacha kazi ya usiku.

Walibahatisha? La hasha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya miaka mitano. Kinachodhuru ni moshi uliofungiwa ndani. Ukuta wa mawe hauupunguzi hata kidogo.

Maji nayo vile vile. Visima vingi vya Nakuru na Bonde la Ufa vina madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na shirika hilo. Ndiyo sababu unaona watoto wengi wa huku wakiwa na meno ya kahawia, na kwa waliokunywa maji hayo miaka mingi hata mifupa huathirika. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi. Maji ya mvua hayana tatizo hilo. Kila milimita 1 ya mvua inayoangukia mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Paa la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 10, ni lita 300. Yamwage ya mwanzo yanayoosha vumbi, funika tangi, na ya kunywa uyatibu au uyachemshe.

Sisi madaktari tulipaswa kujua zamani kwamba unyonge wa nyumba peke yake si ugonjwa. Katika miaka ya 1950, mjini Madras nchini India, wagonjwa wa kifua kikuu waligawanywa. Wengine walilazwa hospitalini walikokula na kupumzika vizuri, wengine wakatibiwa wakiwa katika nyumba zao za kimaskini. Matokeo yalipotolewa mwaka wa 1959, waliotibiwa nyumbani walikuwa wamepona karibu sawa na wenzao, maadamu walipata dawa kamili.

Usinielewe vibaya. Sisifu umaskini, na kuridhika si kukata tamaa. Hewa, maji safi na choo ni mambo yasiyo na mjadala, na serikali isitumie uvumilivu wa raia kama kisingizio cha kutopeleka maji. Ninalosema ni kwamba familia ile ilijua kutofautisha kinacholinda uhai na kinachofurahisha macho ya majirani. Ilitimiza cha kwanza. Cha pili ikakiacha kingoje.

Nawe uliye mjini, jiulize. Wangapi miongoni mwetu wana shinikizo la damu lililoanza mwaka ule ule walipotia saini mkopo wa nyumba? Wangapi wana sebule ya kupendeza, na baba hurudi watoto wakiwa wamelala? Na wangapi usiku wa baridi huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha, wasijue hewa yake ya sumu haina harufu na huua mtu usingizini? Jiko litoke nje leo hii. Hilo halihitaji mkopo.

Jioni ile niliwaacha wakiandaa ugali, wote wanne. Nyumba ilikuwa ndogo kiasi kwamba niliinama mlangoni. Tangu hapo, mgonjwa akija, nauliza kwanza anapika wapi, anakunywa maji gani na analala saa ngapi. Ushauri wa kujenga nimewaachia mafundi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.