Mtaa au Mlima

Siku hizi jamaa nyingi za Kongo zina mtoto, ndugu au shemeji aliyehamia Cape Town, kule mwisho wa Afrika ya Kusini. Tangu miaka ya 1990 wamekwenda wengi, kutoka Kivu, kutoka Katanga na kutoka Kinshasa. Wengine wanasoma, wengine wana duka dogo, wengine wanalinda motokari za watu barabarani toka asubuhi hata usiku. Basi hutokea kwamba baba au mama anapata njia ya kwenda kuwaona. Na huko, baada ya salamu na machozi na chakula, huja swali: kesho tuwapeleke wageni wapi? Vijana husema: mlimani. Wazee husema: tutembee kidogo mjini. Kisha kesho inafika, watu wanaamka saa tatu, hakuna aliyepanga neno, na jioni wote wanarudi wamechoka, bila kuona vizuri mji wala mlima.

Jambo hili laonekana dogo. Lakini fikirini: yule ndugu aliyeomba ruhusa kazini hatalipwa mshahara wa siku ile. Ameinunua kwa posho yake ili atembee na wazazi wake. Si haki kumpotezea.

Nitasema kwanza habari za mlima, kwa sababu mlima ndio unaotawala shauri lote. Jina lake ni Table Mountain, maana yake Mlima wa Meza, kwa kuwa juu yake ni tambarare, kana kwamba umekatwa kwa msumeno. Urefu wake ni metri 1,086 juu ya bahari. Mtu wa Bukavu atacheka akisikia hesabu hiyo, maana mji wake, pamoja na masoko yake yote, uko karibu metri 1,500. Asicheke sana. Mlima ule unasimama kando ya bahari, na njia ya miguu inayopandwa na wengi, ile iitwayo Platteklip Gorge, hupanda zaidi ya metri 600 kwa mawe yaliyopangwa kama ngazi, karibu bila mahali pa sawa pa kupumzikia. Mwenye nguvu huipanda kwa saa mbili. Wengi huhitaji tatu. Tena njia hiyo inaelekea kaskazini. Kwetu, karibu na ikweta, jambo hilo si kitu. Lakini kule kusini jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na mawe ya njia ile huwaka kama jiko. Anayeanza kupanda saa nne asubuhi wakati wa Desemba amekwisha kuchelewa. Aanze saa kumi na mbili, au saa moja.

Kuna njia nyingine, nayo ni kigari kinachoning'inia kwenye kamba za chuma. Kilianza kazi mwaka 1929. Vigari vya sasa viliwekwa mwaka 1997, kila kimoja huchukua watu 65, na sakafu yake huzunguka polepole ili kila mtu aone pande zote. Safari yake ni dakika tano tu. Nauli yake si ndogo, na kwa jamaa ya watu sita ni fedha ya kuhesabiwa nyumbani kabla ya kutoka. Lakini si nauli inayowavunja watu moyo, ni upepo. Wakati wa kiangazi chao, tangu Oktoba hata Machi, huvuma upepo mkali wa kusini-mashariki. Hutoka baharini umejaa unyevu, hupanda mgongo wa mlima, na ukifika juu kwenye baridi unyevu huo hugeuka wingu jeupe, linalotandazwa juu ya meza na kuning'inia ukingoni kama kitambaa. Likishuka kidogo kwenye hewa ya joto, linayeyuka. Kutoka mjini ni uzuri mtupu. Kwa aliye juu ni ukungu, baridi, na njia isiyoonekana. Siku hiyo kigari hakiendi. Na upepo ukiinuka watu wakiwa tayari juu, hupigwa honi kuwaita wote warudi kituoni upesi, kabla ya kigari kusimama.

Ndiyo maana nasema: tarehe ya kupanda mlima haiwekwi wiki mbili mbele kama tarehe ya arusi. Mgeni akikaa siku nne, siku ya kwanza iliyo tulivu na yapewe mlima. Msiseme, "Tutakwenda siku ya mwisho." Siku ya mwisho ndiyo upepo huvuma.

Pia mjue ya kuwa majira yao si yetu. Juni na Julai, wakati Lubumbashi kuna vumbi na anga safi, Cape Town kuna mvua na baridi. Wala jua lao halitui saa kumi na mbili mwaka mzima: Desemba hutua karibu na saa mbili usiku, lakini Juni hutua kabla ya saa kumi na mbili jioni na kuchomoza karibu saa mbili asubuhi. Mtu akipanga siku ya Juni kwa saa za Desemba, giza litamkuta kwenye mawe. Vitu vya kuchukua ni vichache: litri mbili za maji kwa kila mtu, mkate, kofia, koti la baridi hata kama asubuhi ni joto, viatu vyenye nyayo imara. Si viatu vya Misa. Mwende wanne au zaidi, maana wanyang'anyi wamewahi kuwavizia watu katika njia za mlima ule. Wala msiwashe moto wowote. Mwezi wa Aprili 2021 moto wa mlimani ulishuka hata Chuo Kikuu cha Cape Town na kuteketeza chumba kikuu cha kusomea katika maktaba yake, pamoja na vitabu vingi vya habari za Afrika visivyopatikana tena.

Basi, upepo umevuma, kigari kimefungwa. Au kati yenu yuko nyanya wa miaka sabini ambaye magoti yake hayataki ngazi. Wengi hapo hununa na kusema siku imepotea, twende tukazunguke madukani. Mimi naona ndipo siku inapoanza.

Shukeni kwenye kituo cha treni cha mjini, mtembee kwa miguu. Njia nitakayowaeleza haifiki kilometri tano. Kwanza mtaona ngome ya mawe yenye pembe tano, iliyojengwa na kampani ya Waholanzi kati ya 1666 na 1679. Itazameni kwa nje mpite, isipokuwa watoto wakitaka mizinga. Hatua chache mbele, kwenye barabara ya Buitenkant, kuna kanisa la zamani la Wametodisti ambalo tangu mwaka 1994 limekuwa makumbusho ya mtaa wa District Six. Hapo msiende mbio.

District Six, yaani mtaa wa sita, ulipata jina hilo mwaka 1867. Ulikuwa mtaa wa watu wa kila namna: wazao wa watumwa walioachwa huru, wafanyabiashara, mafundi, wapakuzi wa bandarini, Waislamu, Wakristo, Wayahudi, nyumba kwa nyumba. Watu weusi waliondolewa mapema, mwaka 1901, kwa kisingizio cha ugonjwa wa tauni. Kisha tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi ilitangaza kwamba mtaa wote ni wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa kwa nguvu, kila rangi upande wake, wakapelekwa kwenye nchi tambarare ya mchanga mbali na mji, na nyumba zao zikabomolewa kwa mashine. Nyumba nyingi za ibada ziliachwa zimesimama peke yake. Majina ya njia nayo yangalipotea, lakini msimamizi mmoja wa kazi ile ya kubomoa, aliyeamriwa avitupe vibao vya barabara, alivificha. Leo vimening'inizwa ndani ya makumbusho. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa, na waliofukuzwa wameandika majina yao wenyewe mahali nyumba zao zilipokuwa.

Kwa miaka mingi waongozaji wa pale wamekuwa watu waliozaliwa mtaani humo. Ombeni mwongozaji, hata kama mnaharakisha. Mmoja wa waanzilishi, Noor Ebrahim, ameandika katika kitabu chake habari ya njiwa zake. Alipohamia Athlone aliwafungia miezi michache wazoee makao mapya, kisha akawaachilia. Jioni hawakurudi. Kesho yake, akipita motokari kwenda kazini, aliwakuta wametua kwenye kiwanja kitupu mahali nyumba yake ya zamani ilipobomolewa. Wasomaji wa Kivu waliowahi kuacha nyumba usiku hawahitaji mtu wa kuwafafanulia habari hiyo. Na labda kwa sababu hiyo yawapasa wazazi kufikiri kabla ya kumpeleka pale mtoto mdogo aliyekimbia vita. Mwambieni kwanza atakayoyaona.

Baada ya makumbusho, pandeni upande wa mashariki hata kwenye uwanja wenyewe wa mtaa. Sehemu moja imejengwa chuo, mahali pengine ni majani tu. Mwaka 2004 wazee wa kwanza walipewa funguo za nyumba mpya. Tangu hapo kazi imekwenda polepole sana, na wengi wamekufa wakingoja. Mkisimama pale geukeni kusini: mlima ule ule mlioukosa unaonekana wote, na wingu lake. Ndio waliouona kila asubuhi mlangoni mwao. Wengine walihamishiwa mahali palipoitwa Hanover Park, kwa jina la Hanover Street, ile barabara kubwa ya mtaa uliobomolewa. Kutoka huko mlima ni mbali.

Mkirudi mjini mtapita katedrali ya Mtakatifu Maria, iliyofunguliwa mwaka 1851, mbele ya nyumba ya bunge. Karibu nayo ni bustani ya Kompani, iliyoanza mwaka 1652 ili mabaharia wapate mboga. Kuna mabenchi, kivuli na kima wadogo wa mti wasiokuwapo. Ni kindi tu, lakini watoto watafurahi. Nyanya apumzike hapo. Chini ya bustani imesimama nyumba ya mwaka 1679 walimofungiwa watumwa wa Kompani, walioletwa toka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia.

Wako watakaosema: tufanye yote mawili siku moja, mlima asubuhi na mtaa alasiri. Kwa vijana waliopanda kwa kigari inawezekana. Kwa waliopanda kwa miguu nakataa. Watafika mbele ya ile ramani wakisinzia. Kama siku ni moja tu, na jamaa ina wazee na watoto pamoja, mimi ningechagua mtaa, hata kama anga ni safi. Ila makumbusho hayafunguliwi kila siku, na ndugu zetu wengi wana nafasi siku ya Mungu peke yake; kwa hiyo ndugu mwenyeji aulize mapema siku na saa, na yule aliyeamka kwanza nyumbani atazame mlima kabla ya kuwaamsha wengine.