Kompyuta Nayo ni Ala

Wazazi wenzetu, vijana wetu wanatuambia: "Hatupigi ala, tunatumia kompyuta tu." Hoja hii tunaikataa. Pembe ya nyati ni pembe. Akina mama wa pwani wakiigonga kwa kijiti harusini inakuwa ala, na jina lake vugo. Mwaka 1957 Max Mathews wa Bell Labs, Marekani, aliifanya kompyuta ya IBM 704 itoe muziki. Basi kitu huwa ala kwa matumizi, si kwa umbo. Kompyuta hiyo hiyo hutusomea Qur'ani. Wanavyuoni wamekhitilafiana kuhusu muziki. Kila nyumba ina msimamo wake. Lakini aliyekataza gitaa la mbao asiruhusu la kompyuta. Kubadili jina hakubadili hukumu. Wallahu a'lam.