Suichi ya Gari Isibebeshwe Mzigo wa Stata

Asubuhi ya Julai jijini Mbeya ni mtihani kwa betri. Jiji liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na baridi yake huifanya oili ya injini kuwa nzito huku ikiipunguzia betri nguvu. Dereva anazungusha ufunguo, kinasikika kimlio kimoja cha "tk", kisha kimya. Wapita njia wanaitwa kusukuma.

Gari likifika kwa fundi umeme, awe Soweto, Mwanjelwa au Uyole, lawama huangukia suichi. Inabadilishwa, au, kwa mteja mwenye haraka, waya unavutwa kutoka kwenye betri hadi kwenye batani chini ya dashibodi. Gari linawaka, fedha inalipwa. Miezi michache baadaye ugonjwa ni uleule.

Kinachoiua suichi ni mzigo usio wake. Juu ya stata kuna swichi ya sumaku inayosukuma gia ishike flaiwili na kufungulia umeme mkubwa wa betri. Sumaku hiyo yenyewe yaweza kunywa ampea 10 hadi 30 au zaidi, na katika magari mengi ya zamani umeme huo wote hupita kwenye vishaba vidogo nyuma ya ufunguo. Kila gari linapowashwa, cheche huvila. Wamiliki wa Volkswagen Kombi waliujua ugonjwa huu vizuri: injini iko nyuma, suichi iko mbele, na volti zinapotea njiani kwenye waya mrefu.

Dawa ni rilei ya kawaida ya miguu minne, ile inayotumika kwenye taa na honi. Mguu namba 30 unapokea umeme wa betri kupitia fyuzi. Namba 87 unaupeleka kwenye sumaku ya stata. Waya uliokuwa ukitoka kwenye suichi kwenda stata unahamishiwa namba 86, na namba 85 unafungwa kwenye bodi. Kuanzia hapo suichi inabeba chini ya nusu ampea, kazi ya kuiamsha rilei tu.

Batani haina ulinzi huo, na hatari yake ni kubwa zaidi. Gari la otomatiki limewekewa kizuizi kisichoruhusu stata izunguke gia ikiwa imeingia. Batani iliyofungwa moja kwa moja inakiruka kizuizi hicho, na mtoto akiigusa gari linaweza kuruka mbele. Rilei ikifungwa karibu na stata kwa waya uleule wa zamani, kizuizi kinabaki kazini.

Rilei haifufui betri iliyochoka wala kusafisha waya wa bodi wenye kutu. Magari mengi ya miaka ya karibuni tayari yanayo kutoka kiwandani. Malori ya barabara ya Tunduma yenye mfumo wa volti 24 yanahitaji rilei ya volti hizo. Kwa hiyo fundi apime kwanza: mita kwenye waya mwembamba wa stata, msaidizi akizungusha ufunguo. Betri ikibaki juu ya volti 11 na waya huo ukaonyesha 8 au 9, umeme unapotelea njiani. Na kabla ya kulipa, mteja aombe aonyeshwe fyuzi ilipo. Waya wa betri usio na fyuzi, ukichubuka na kugusa bodi, huwasha moto hata gari likiwa limezimwa.