Kabla ya Kumleta Mnyama, Itengeneze Nyumba



Baadhi ya jamaa zetu wakaao Uingereza na Marekani wana watoto waliowaona wenzao wa shule wakifuga fereti, nao sasa hawawapi wazazi wao raha mpaka waletewe wa kwao. Wazazi huuliza: huyu ni mnyama gani, na nyumba yetu yamfaa? Tumeona vema mwezi huu tulijibu swali la pili kwa urefu, kwa kuwa ndilo lisahauliwalo. Wako fereti wafao kabla ya wakati wao katika nyumba za watu wema wasiowapiga wala kuwanyima chakula. Huuawa na kiti, na mashine, na mlango. Yaani vitu ambavyo sisi watu wazima hatuvihesabu kuwa ni hatari.

Fereti ni wa jamaa moja na kicheche. Mwili wake ni mrefu, mwembamba, na miguu yake ni mifupi. Dume hupata kilo 1 hadi 2, na jike ni mdogo zaidi. Watu wa Ulaya wamemfuga zaidi ya miaka 2,000, wakimtumia kuwatoa sungura mashimoni. Basi hapo ndipo ilipo siri ya tabia yake: aonapo tundu lenye giza, hana budi kuliingia. Hulala saa 14 au zaidi kwa siku, lakini akiamka huichungua nyumba nzima. Tena pale kinapopita kichwa chake, mwili wake wote hupita. Nafasi ya sentimita 2 na nusu yaweza kumtosha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mzazi, wala si ya mtoto. Alale kifudifudi sakafuni, ashike taa, na akitazame kila chumba kwa kimo cha mnyama. Ataona mambo ambayo hakuyaona tangu alipohamia: upenyo chini ya kabati za jikoni, tundu linamopita bomba, nafasi nyuma ya friji na ya jiko, ufa chini ya mlango. Yote hayo yazibwe kwa ubao au kwa wavu wa chuma uliokazwa kwa misumari. Matambara na karatasi hayafai, kwani fereti ana makucha ya kuchimbia, na atayatoa kwa muda mfupi.

Ya pili ni viti. Katika nchi hizo kuna viti vinavyolazwa nyuma kwa chuma kilichofichwa ndani, na makochi yanayokunjuliwa yakawa vitanda. Fereti huingia ndani yake akalala. Kisha baba arudipo kazini amechoka, huketi na kukilaza kiti chake, na vile vyuma humbana mnyama akafa papo hapo. Hapana dawa ya jambo hili ila moja: kiti cha namna hiyo kiondolewe katika chumba anachofunguliwa mnyama, au mnyama asifunguliwe humo kabisa. Hata kochi la kawaida litazamwe upande wa chini, na kitambaa chake kikiwa kimechanika kiwekewe ubao.

Ya tatu ni mashine za kufulia na za kukaushia nguo. Fereti hupenda kulala ndani ya nguo chafu. Mama asitie nguo mashinani mpaka amezikung'uta moja moja, wala asiiwashe mashine mpaka ametia mkono na kupapasa ndani. Hali kadhalika asikanyage blanketi lililo sakafuni kabla ya kulinyanyua.

Ya nne ni kinywa cha mnyama mwenyewe. Fereti, hasa aliye mchanga, hutafuna mpira na sponji: raba za shule, ndara, vitufe vya mashine za picha, na vitu vya kuchezea watoto. Kipande kidogo akikimeza huziba utumbo. Akiacha kula, akatapika, akalegea, asingojewe mpaka kesho, bali apelekwe kwa daktari wa wanyama siku ile ile, kwani huenda akahitaji kupasuliwa. Dawa za binadamu zifungiwe kabatini; vidonge vya maumivu ambavyo sisi twavimeza bila kufikiri vyaweza kumwua. Chokoleti pia ni sumu kwake.

Ya tano ni joto. Huyu ni mnyama wa nchi za baridi, wala hana njia nzuri ya kutoa jasho. Joto likipita nyuzi 27 huanza kutaabika, na likipita 30 yu katika hatari ya kufa. Kwa sababu hiyo msafiri asifikiri kumleta Mombasa, Unguja wala Tanga, ambako mchana wa kaskazi hupita kiwango hicho. Wala wa Uingereza wasijione salama: tarehe 19 Julai 2022 joto huko lilifika nyuzi 40.3. Tundu lake lisiwekwe dirishani penye jua, wala asiachwe ndani ya gari hata kidogo.

Tena kuna hatari inayotoka kwetu wenyewe. Mwaka 1933 wataalamu watatu wa Uingereza, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw, waligundua virusi vya homa ya mafua ya wanadamu kwa kuwaambukiza fereti. Basi mwenye homa ya mafua asimshike, kwa kuwa atampa ugonjwa wake, na mnyama naye aweza kuurudisha kwa mwingine. Tena asiachwe peke yake na mtoto mchanga hata dakika moja, kwa sababu ana meno makali.

Wazazi waulize sheria pia. Katika Marekani, majimbo ya California na Hawaii, na mji wa New York, hayaruhusu kumfuga. Mahali pa kusalia napo pawe na mlango unaofungwa, maana fereti huchagua pembe ya chumba akajisaidia hapo, na najisi yake haifai kukaribia mikeka ya sala.

Huenda msomaji akasema: haya yote kwa ajili ya kijinyama kiishicho miaka 5 hadi 8 tu? Twamjibu kuwa sote tumewafundisha watoto wetu habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia. Kosa lake halikuwa fimbo. Alimzuia mnyama asijitafutie, kisha yeye mwenyewe asimtafutie. Amfungiaye mnyama ndani ya kuta zake amejitwika chakula chake na usalama wake pamoja, kwa kuwa yule mnyama hakuzichagua kuta hizo, wala hajui kuwa kiti huua.

Basi mtoto aombapo fereti, mzazi asimkatalie upesi wala asimkubalie upesi. Ampe ubao, nyundo na taa, wazunguke nyumba pamoja, na kila tundu alizibe mtoto mwenyewe, baba akisimamia. Akichoka kabla hajamaliza chumba cha pili, mnyama na abaki alipo, wala hapana aliyedhulumiwa. Akimaliza vyumba vyote, kisha juma lifuatalo akarudi kuvikagua bila kuambiwa, huyo ameanza kuijua maana ya amana, naye yafaa aletewe.