Tusiwafukuze Watoto Jikoni

Jirani yangu mmoja hapa Mombasa alisafiri kwenda Lamu kwenye matanga, akakaa huko siku 6. Nyumbani alimwacha mumewe, ambaye ana presha, pamoja na watoto 4, mkubwa wao akiwa kijana wa miaka 19. Mchele ulikuwako, mbaazi zilikuwako, hata nazi zilikuwa zimelala pembeni mwa jiko. Lakini asubuhi walikula mahamri ya kununua, mchana chipsi, usiku viazi karai na bhajia. Siku ya tano mzee yule alipelekwa hospitalini akilalamika kichwa, ikaonekana presha imepanda. Hapana mtoto aliyekosa mapenzi kwa baba yake. Hapana aliyejua kupika.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya nyumba moja tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kwa kila wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile hata gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kadiri ya kijiko kimoja cha chai. Sasa, ni nani atakayekipima kijiko hicho ikiwa chakula chatoka barabarani? Muuzaji hutia kiasi anachoona kitawarudisha wateja, wala simlaumu. Viazi karai ni vitamu, nami ninavila.

Zamani mtoto wa kike alianzia kwenye mbuzi. Akikuna nazi na kuchuja kwa kifumbu, alijua kwamba tui zito huwekwa kando, na tui jepesi ndilo lipikiwalo mbaazi mpaka ziive. Leo yafaa aongezewe jambo ambalo bibi zetu hawakuwa na haja ya kulisema: tui zito lina mafuta mengi, na kwa mgonjwa lapasa kupunguzwa. Aonjeshwe mchuzi wa samaki uliotiwa ukwaju au embe bichi, ndimu, thaumu na pilipili, atambue mwenyewe jinsi ulimi unavyosahau kuiulizia chumvi. Ajue pia kwamba aghalabu viungo vya pakiti vina chumvi ndani yake tayari, na anayevitia kisha akaongeza chumvi ametia mara mbili.

Shule nazo zimejaribu. Mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa na somo la sayansikimu katika shule za msingi, kisha likaondolewa. Likarudi na mtaala mpya, wanafunzi wa darasa la nne wakalianza mwaka 2020, na siku hizi limeunganishwa na kilimo. Ni jambo jema, lakini mwalimu mwenye darasa lililojaa na jiko moja hawezi kumpa kila mtoto zamu ya kushika mwiko. Zamu hiyo iko nyumbani.

Na wavulana je? Hapa ndipo penye ubishi. Mama humfukuza mwanawe wa kiume jikoni, ati asije akawa mwanamke. Hali katika harusi zetu masufuria makubwa ya biriani hupikwa na wanaume, tena kwa malipo, na hatujasikia wakibezwa. Imepokewa pia kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Anayeona haya kumpa mwanawe sufuria na atwambie haya hiyo ameitoa wapi.

Jirani yangu amekwisha rudi. Jumamosi iliyopita nilimwona yule kijana wake uani, amekalia mbuzi, kidole kimoja kimefungwa kitambaa, na wenzake wa barazani wakimcheka. Baba yake alikuwa ameketi karibu, akiuliza mbaazi zitaiva lini.